Jua na Mwezi kwenye Bahasha ya Mzee Saidi

Mmeniomba niandike kabla sijasahau. Nyinyi vijana wa kaunta, mlionikatia keki juzijuzi yenye jina langu lililokosewa herufi mbili, mnadhani mtu akistaafu ubongo unarudishwa pamoja na koti jeupe. Sijasahau kitu, isipokuwa mahali nilipoweka miwani. Nitaandika, lakini mjue tangu mwanzo kwamba vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo nilipata viwili tu, na cha pili walisahau kuniambia.

Nilianza kazi mtaa wa Nyakabiga, katika lile duka la dawa la mlango wa kijani mnaloliita la zamani kana kwamba lilijengwa na Wajerumani. Nilikuwa nimetoka chuoni, koti nimelipiga pasi mpaka linaweza kusimama bila mimi. Usiku kucha nilikuwa nimerudia majina ya dawa, nikijua mfamasia mkuu atanipa mtihani. Mfamasia mkuu alikuwa Mzee Deo, Mkatoliki wa Ngagara, mfupi, miwani yake imefungwa waya upande mmoja. Aliniangalia koti, akaguna, akanisukumia rundo la bahasha ndogo za karatasi na kalamu.

"Chora jua," akasema.

"Jua?"

"Jua. Soleil. We haujaionaka?"

Wakati ule wateja wetu wengi hawakusoma, na waliosoma hawakuweza kusoma mwandiko wa daktari, ambao hata daktari mwenyewe alikuwa akiukana. Basi juu ya bahasha ya vidonge tulichora. Jua maana yake asubuhi, mwezi maana yake usiku, na vistari chini yake ni idadi ya vidonge. Nilichora jua langu la kwanza kwa bidii zote za chuo kikuu. Mzee Deo akaigeuza bahasha huku na huku.

"Hii ni buibui," akasema. "Mugonjwa akiona hii, ataogopa, ataacha dawa. Rudilia."

Nilichora buibui siku tatu. Mwezi peke yake ndio ulionitoka vizuri mara ya kwanza, mwembamba, umepinda kama inavyotakiwa. Mzee Deo alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Eh, nyinyi Waislamu, mwezi munaijua," akasema. Yashikeni maneno hayo, maana yatanirudia baadaye na kunizaba kofi.

Baada ya bahasha alinipa vyombo vingine. Sahani ya kuhesabia na kisu chake butu: vidonge vinasukumwa vitano vitano, na mtu akikusemesha unaanza upya, hata akiwa waziri. Mkasi wa kukatia pakiti, ambao haukuruhusiwa kukata upande wenye jina la dawa na tarehe, mpaka kibaki kidonge cha mwisho. Siku moja nilikata upande huo kwa sababu nilikuwa na haraka. Mzee Deo alivitupa vidonge vyote sita kwenye ndoo mbele ya macho yangu, halafu akaning'inizia mkasi shingoni kwa kamba, wiki nzima, kama ng'ombe wa kengele. Wateja walidhani ni kifaa kipya cha kupimia moyo.

Wateja nao walikuwa shule. Kulikuwa na mama aliyetaka dawa ya kikohozi ya rangi nyekundu kwa sababu dada yake alipewa nyekundu, na ile ya kijani aliiona ni dharau. Kulikuwa na wanaume waliokuja kumuulizia jirani. Jirani ana shida kidogo na mke wake, unaelewa, madame, jirani. Nilikuwa nikiwaambia: mwambie jirani asizidishe kidonge kimoja, na mwambie jirani pia presha yake ipimwe kwanza, nyoosha mkono. Wananyoosha mkono bila kufikiri. Nyinyi leo mnaletewa picha za simu zilizopigwa gizani, nusu ya pakiti na kidole kizima. Ni ugonjwa uleule, umebadilisha nguo tu.

Sasa niwaambie kuhusu Mzee Saidi, maana hicho ndicho kisa mnachokitaka, na mimi nimekuwa nikikizungukazunguka.

Mzee Saidi alikuwa fundi wa magari wa Buyenzi, mtaa wa jirani, rafiki wa marehemu baba yangu. Nilikuwa na miaka minne au mitano kazini, yaani umri ule ambao mtu anajiona amemaliza kujifunza. Alikuja na cheti cha daktari siku ile tuliyokuwa tukingojea mwezi wa Ramadhani uandame. Walikuwa wamemgundua ana kisukari. Kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku, pamoja na chakula. Nikachora jua, sasa likiwa jua kwelikweli, nikachora mwezi, nikaweka kistari kimoja chini ya kila kimoja. Nikamwambia asubuhi na usiku, baba, ukiwa umekula.

"Umechora muzuri, binti Hamisi," akasema. "Baba yako angeona hii angefurahi."

Nikafurahi na mimi. Kichwa changu chote kilikuwa kwenye tende na unga wa uji, kama sokoni bado vipo, kama mama amekumbuka tangawizi. Mwezi uliandama jioni ile ile. Tukaamka daku, tukala, tukafunga.

Kesho yake, baada ya saa tisa mchana, nilikuwa kaunta na midomo mikavu, nikihesabu dakika. Akaja mama mmoja wa Buyenzi na dawa za mtoto wake mkubwa.

"Madame, hii ya mchana, na mutoto amefunga, atamezaka saa ngapi?"

Nikaanza kumjibu kwa ule ujuzi wangu wote. Nikamwambia mwezi wa mfungo dawa haipangwi hovyo, nyingine hubadilishwa saa, nyingine hupunguzwa, na nyingine ni hatari kabisa kwa mtu anayeshinda bila kula, kwa mfano za... Hapo nikanyamaza. Yule mama akangoja. Jana yake nilikuwa nimempa dawa ya kushusha sukari mzee anayefunga tangu utotoni, nikamchorea jua, nikamtakia mfungo mwema.

Nilimwambia Mzee Deo. Alivua miwani.

"Ulimuambia nini juu ya mufungo?"

"Sikumwambia kitu."

"We ni Muislamu."

"Ndiyo, Mzee."

"Mi ni Mukatoliki, na kila mwaka mi nawaulizaka."

Alifunga mlango wa duka. Mlango huo haukufungwa hata siku bomba lilipopasuka na tukauza dawa tumesimama ndani ya maji. Akachukua pakiti ya glukosi, mimi nikanunua soda mbili za machungwa kwa jirani, tukaenda kwa miguu, karibu tunakimbia, yeye Mkatoliki mnene kidogo na mimi Mwislamu niliyefunga nimekumbatia soda mchana kweupe katikati ya Buyenzi. Watu waliniangalia. Sikujali. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Kama alimeza na hajala tangu daku, sukari ilikuwa inashuka saa ile ile, na Mzee Saidi alikuwa mtu wa kulala chini ya magari yaliyoinuliwa kwa jeki.

Tulipofika gereji tuliona miguu miwili imetokeza chini ya basi dogo. Vijana wake walikuwa wanacheka.

"Muzee leo iko mukali," mmoja akatuambia. "Tangu azuhuri anatugombeza, anaitaka spana na iko nayo mukononi. Mufungo imemupanda kichwa."

Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kutetemeka, jasho, hasira, maneno yasiyoeleweka: siku nyingine wangemkimbiza hospitali. Ramadhani kila mtu alisema ni njaa ya siku ya kwanza.

Tukamvuta kwa miguu. Alitoka ameloa jasho, mikono inacheza, akaniangalia akaniita kwa jina la mama yangu.

"Baba, vidonge ulimeza lini?"

"Daku."

"Vingapi?"

"Mbili."

"Kwa nini viwili? Nilikuchorea kimoja na kimoja."

Alinikasirikia, pole pole, akitafuta maneno. "Ulichora jua na mwezi. Saa ya daku mwezi bado iko, na jua iko karibu inatoka. Mi nikasema, huyu binti Hamisi iko na akili, amenipangia zote mbili pamoja, nisisumbuke na mufungo."

Wallahi, alitii bahasha yangu vizuri kuliko nilivyoichora.

Nikafungua soda. Akaweka mkono juu ya mdomo.

"Apana. Mi nimefunga."

"Baba, wewe ni mgonjwa. Mgonjwa ameruhusiwa."

"Nimefunga tangu niko mutoto. Sitafungulia mufungo hapa gereji, mbele ya hawa watoto, saa kumi ya mchana. Bado kidogo tu magharibi."

"Muzee," Mzee Deo akasema, "Mungu yako na Mungu yangu walishaongea juu ya hii mambo. Walikubaliana mugonjwa akunywe."

"We Mukatoliki, nyamaza."

Mzee Deo akanyamaza, jambo lililonishangaza karibu sawa na kufunga duka. Vijana walikuwa hawacheki tena. Mmoja alisema wamshike wammiminie kwa nguvu, na mtu anayetetemeka vile ukimmiminia kwa nguvu anapaliwa. Mzee Saidi alikuwa ameanza kufumba macho.

Basi nikaketi chini, pale kwenye mafuta machafu, na koti langu jeupe. Nikainua chupa yangu nikanywa. Nilikunywa nusu, kwa sauti, gereji nzima inaniangalia. Kijana mmoja alisema astaghafirullah.

"Kosa ni langu, Baba," nikamwambia. "Kama kuna dhambi hapa, iandikwe kwa farmasi. Lakini mimi nimeshaanza. Nimekuja kwako mgeni, niko ndani ya kiwanja chako. Utaniacha ninywe peke yangu mbele ya watu?"

Alifumbua macho. Mtu wa Buyenzi unaweza kumnyang'anya vitu vingi kabla hajaacha kujua kwamba mgeni hali peke yake. Alinitazama kwa chuki safi kabisa. Kisha akanyoosha mkono, akapokea chupa yake, akanywa yote.

Mzee Deo akakoroga glukosi kwenye kikombe cha chai cha vijana, kikombe ambacho sitaki kukumbuka kilikuwa na nini ndani. Akanywa hiyo pia. Baada ya muda mikono ilitulia, akaniita kwa jina langu, akataka kujua ni nani aliyempa ruhusa Mkatoliki kuingia na viatu kwenye mkeka wa kuswalia. Hapo nikajua amerudi. Tulimlisha mkate, tukampeleka zahanati, maana dawa ile hukaa mwilini muda mrefu na soda peke yake haitoshi. Hilo liandikeni mahali. Walimlaza hadi kesho yake, na daktari akambadilishia dawa na kumkataza kufunga. Alikubali baada ya kuwagombeza madaktari wawili, akawa analisha maskini badala ya kufunga. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila gari langu liliponiletea taabu alinikumbusha kwamba aliwahi kuvunja mfungo kwa ajili yangu.

Mimi nilirudi nyumbani nikalia bafuni, kimya kimya, ili mama asisikie. Lakini mama alikuwa ameshapata habari yote, na nyongeza. Buyenzi wakaniita Zaina Soda, na wako wazee wanaoniita hivyo mpaka sasa. Siku ile ya mfungo niliilipa baada ya Idi. Mvua ilinyesha kutwa na nyumba nzima ilikuwa inanuka pilau ya jirani.

Nilidhani Mzee Deo atanifukuza. Asubuhi ya kesho yake baada ya gereji nilikuta rundo la bahasha mezani na kalamu juu yake, kama siku ya kwanza.

"Jua imetudanganya," akasema. "Utachora nini?"

Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Nikachora mviringo, ndani yake mviringo mdogo, na vimistari vitatu vya moshi juu. Sahani ya chakula cha moto. Kwa zile dawa za kumeza na chakula, mtu ameze akiwa na sahani mbele yake, awe anafuata jua, mwezi au mama mkwe. Mzee Deo akaiinua kwenye mwanga.

"Inafanana na tairi inaungua," akasema. "Rudilia."

Lakini sahani haikutosha. Ilibidi kuuliza, kwa kila mtu, kabla ya kuchora: kesho utakula saa ngapi? Mwanzo walinishangaa. Mwanamume mmoja wa Ngagara aliniuliza kama nataka kualikwa. Wengine walijibu haraka mno, saa saba, saa mbili usiku, kama wanafunzi waliokariri. Ndipo nikajifunza kuongeza swali la pili: na jana ulikula nini? Kesho kila mtu ana kuku. Jana ndiyo inayompa mtu kazi kuitungia uongo.

Kulikuwa na mama wa Kanyosha, aliyekimbia kutoka upande wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, akitembeza vitenge. Nilipomuuliza kesho atakula saa ngapi, hakuona aibu. Alijibu kama mtu anayetaja ratiba ya basi.

"Kesho si siku yangu, madame. Leo mi nimekula. Kesho ni ya watoto."

Kalamu ilibaki juu ya bahasha. Sikujua nichore nini. Mzee Deo, aliyejifanya anahesabu vidonge, aliacha kuhesabu, akaingia stoo, akatoka na sufuria ndogo yenye mfuniko, ndani yake ndizi na maharagwe ambayo mke wake alimpikia.

"Madame, hii ni sehemu ya dawa," akasema. "Dawa hii haitoki bila hiyo. Kesho urudie, kuna dozi ingine."

Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata mpaka dozi ilipoisha. Baadaye wakaja wengine. Mzee Deo alipungua mpaka suruali ikahitaji kamba, na mkewe alishawishika kwamba ana mwanamke mwingine, kwa sababu sufuria zilikuwa hazirudi nyumbani. Alikuja kaunta kunihoji. Nilimwambia ukweli, akaondoka, na kesho yake Mzee Deo alikuja na sufuria mbili. Nilimpenda sana yule mzee na sikumwambia hata mara moja. Nyinyi mwambieni mtu wenu akiwa bado anaweza kuwajibu vibaya.

Miaka ilipita, ikaja mashine ya kuchapa lebo. Nadine, wewe ndiye uliyeileta, usijifiche nyuma ya wenzako. Uliona bahasha zangu ukacheka, ukasema madame, hii ni michoro ya shule ya watoto wadogo. Lebo ni safi, sikatai. Inasema asubuhi na jioni baada ya chakula, kwa Kifaransa, kwa herufi ambazo hata sisimizi angehitaji miwani. Tuligombana juu ya mashine ile mwaka mzima, na ulishinda, kwa sharti moja kwamba yale maswali mawili yataulizwa. Ulikuwa ukiyauliza huku unatazama dari.

Sasa ya mwisho, halafu niwaache mfanye kazi.

Wiki mbili baada ya keki ile, nilikuja dukani kama mteja. Na mimi nimepimwa, na mimi nina sukari. Nilisimama upande usio wangu wa kaunta, na nawaambia kaunta ile ni ndefu zaidi ukiwa upande huo. Nadine alichukua cheti changu, akasoma, akakata pakiti vizuri, upande usio na jina. Mkono wake ukaenda kwenye mashine, kisha ukasimama.

"Mama Zaina, kesho utakula saa ngapi?"

"Saa saba kamili," nikasema. "Wali, maharagwe, na mboga ya lengalenga."

Nilijibu haraka mno. Nilijisikia mwenyewe.

Nadine hakutazama dari. Alinitazama mimi.

"Na jana ulikula nini?"

Niliuliza swali hilo miaka thelathini, na siku ile ndiyo niliyojua kwa nini watu walinichukia. Tangu mume wangu afariki nimekuwa nikipika chungu ninachokisahau. Wa kumpikia hayupo, na kujipikia mwenyewe ni uvivu wa aina ambayo sikuijua kabla. Jana nilikunywa chai. Juzi pia, nadhani. Nilitafuta uongo, mimi niliyeusikia wa mji mzima, na sikupata hata mmoja. Macho yalinijaa maji mbele ya foleni ya watu sita.

Nadine aliizima mashine. Akafungua droo ya chini, akatoa bahasha moja ya karatasi, ya zile za zamani, nilidhani zilitupwa zote. Akachora mviringo, akachora mwingine ndani yake, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Akaweka moshi juu. Halafu, baada ya kufikiri, akachora sahani ya pili pembeni yake.

"Hii ingine ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ni yangu. Kesho saa saba nakuja kwako Ngagara. Utapika, na mi nitakula, nione unavyomeza."

Nikaichukua ile bahasha, nikaivutia karibu na macho, maana miwani sijui niliiweka wapi.

"Inafanana na tairi inaungua," nikamwambia. "Rudilia."